Gambiti ya Budapest kwa Mweusi: namna ya kumdai askari uliyemkopesha

Ukicheza chesi kwa kete nyeusi, hakuna mwendo wa kwanza wa Mweupe unaochosha kama 1.d4. Si kwamba unaua. Shida ni kuwa anayeucheza mara nyingi anataka mchezo wa taratibu: ajenge ukuta wake, akubane kidogo kidogo, hadi uishiwe pumzi kabla hujafanya kosa hata moja unaloweza kulinyooshea kidole. Nilifungwa hivyo kwa muda mrefu. Nilijaribu kujihami kwa njia zinazosifiwa na waliobobea, na kila nikifika mwendo wa 15 najikuta nimejibanza kama kuku ndani ya tenga.

Gambiti ya Budapest ndiyo iliyonitoa. Gambiti ni ufunguzi unaomtoa askari makusudi ili kupata kitu kingine, na hii ni kali, yenye njia chache za kukumbuka, na inamlazimisha Mweupe kufikiri kuanzia mwendo wa pili. Nitaueleza jinsi ninavyoutumia mimi, mchezaji wa kawaida, pamoja na mahali unapovuja, maana unavuja.

Kwanza alama, ili tusipotezane. Natumia zile zile zilizo kwenye programu nyingi za simu: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Alama ya x ni kula, + ni sheki, # ni chekimeti, na O-O ni kumficha mfalme upande wa ngome iliyo karibu. Alama ya ! inasifu mwendo, na ?? ni kosa kubwa. Nukta tatu baada ya namba, kama 4...Bc5, zinaonyesha kuwa mwendo huo ni wa Mweusi.

Miendo mitatu inayoanzisha ugomvi

1.d4 Nf6 2.c4 e5

Askari wetu amekwenda e5 bila mlinzi, na Mweupe anaweza kumla bure: 3.dxe5. Tunajibu 3...Ng4. Sasa simama uangalie ubao. Farasi wa g4 anamtazama askari wa e5, na wakati huo huo anautazama mraba wa f2, ulio jirani kabisa na mfalme. Mweupe ana askari mmoja zaidi, lakini hajatoa kete hata moja. Askari wake wawili wametembea, wengine wote wamelala.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni. Askari wa c akishafika c4 hawezi tena kurudi kuziba c3. Kwa hiyo mshazari unaotoka a5 hadi e1 uko wazi, na sheki ya askofu pale b4 italazimisha farasi au askofu wa Mweupe asimame mahali asipopapenda. Ndiyo maana gambiti hii inasubiri c4. Bila c4 inapoteza nusu ya meno yake.

Mimi nauchukulia huu kama mkopo. Umemkopesha Mweupe askari mmoja, na mistari yote inayofuata ni namna mbalimbali za kudai. Mara nyingi unalipwa. Kuna mahali pamoja ambapo hulipwi, na hapo inabidi ujue cha kuchukua badala yake.

Jina limetokana na mji wenyewe. Mchezo wa kwanza unaojulikana ulichezwa Budapest mwaka 1896, Adler dhidi ya Maróczy. Baadaye Wahungari watatu, Abonyi, Barász na Breyer, wakaufanyia kazi kwa bidii. Dunia ikashtuka mwaka 1918 kule Berlin, pale Milan Vidmar alipokuwa anakwenda kukutana na Akiba Rubinstein akiwa hana jibu la 1.d4 alilokuwa na imani nalo. Akamwomba rafiki yake Abonyi ushauri. Tutarudi kwenye mchezo huo, kwa sababu ndio mwalimu bora wa mstari mgumu kuliko yote.

Hatua ya kwanza: hesabu mraba wa e5

Kabla ya kukariri chochote, chukua ubao halisi, panga nafasi baada ya 3...Ng4, kisha jiulize swali moja tu: ni kete ngapi za kwangu zinaupiga mraba wa e5, na ngapi za Mweupe zinaulinda? Ukiwa na tatu dhidi ya mbili, askari anarudi. Ukiwa na mbili dhidi ya mbili, ongeza nguvu kwanza.

Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini karibu kila kosa nililolifanya kwenye ufunguzi huu lilitokana na kuhesabu vibaya. Kosa la kawaida kabisa ni hili: 4.Nf3 Bc5 5.e3 Nxe5?? na Mweupe anakula 6.Nxe5. Hakuna wa kulipiza, kwa sababu farasi wa pili bado yuko b8. Umepoteza farasi mzima kwa haraka ya kudai askari. Farasi wa b8 afike c6 kwanza, ndipo farasi wa g4 ale. Ukila, kula na wa g4 (ndiyo maana utaona imeandikwa Ngxe5), ili wa c6 abaki nyuma kama mdhamini.

Hatua ya pili: 4.Nf3, mstari wa kupenda

Huu utakutana nao sana, kwa sababu kumlinda askari kwa farasi ni mwendo unaomjia mtu wenyewe. Jibu ni 4...Bc5, na hapa usiguse kitu kingine kabla hujaelewa sababu yake. Askofu wa c5 na farasi wa g4 sasa wote wanaupiga f2. Mweupe akisahau, kwa mfano akicheza 5.Nc3, tunapiga 5...Bxf2+. Mfalme hawezi kumla askofu kwa sababu farasi anamlinda, na mraba pekee uliobaki ni d2. Kisha 6...Be3+, na hapo mfalme ana miraba mitatu ya kukimbilia: e1, c2 au d3. Wowote anaouchagua, jibu ni lile lile: farasi anaruka f2 na kuwagusa malkia wa Mweupe na ngome ya h1 kwa pamoja. Weka nafasi hiyo kwenye ubao ujaribu miraba yote mitatu, utaona mwenyewe.

Mweupe anayejua atacheza 5.e3. Vizuri. Amezuia f2, lakini amemfungia askofu wake wa c1 nyuma ya ukuta. Hatafika f4 kuulinda e5. Ndicho tulichokuwa tunakitaka. Tunaendelea 5...Nc6, na hakuna haraka. Kama malkia anakuja kulinda, 6.Qd5, basi 6...Qe7 na tuna tatu dhidi ya mbili.

Mchezo wa kawaida huenda hivi: 6.Be2 O-O 7.O-O Re8 8.Nc3 Ngxe5. Deni limelipwa. Wengi wakifika hapa hupumua na kuanza kucheza bila mpango. Hapa ndipo Budapest inapoanza kuwa tamu.

9.b3 a5 10.Bb2 Nxf3+ 11.Bxf3 Ne5 12.Be2 Ra6!

Ngome imetoka kona kwa mlango wa pembeni. Inapanda a6, halafu inateleza kwenye safu ya sita hadi h6 au g6, mbele ya mfalme mweupe. Malkia anafuata h4. Farasi wa e5 yuko tayari kuingia g4. Ghafla una malkia, ngome na farasi wanaouangalia h2, huku askofu wa c5 akinusa e3 na f2. Mweupe aliyedhani amepona anajikuta anatafuta walinzi, na kete zake zote ziko upande mwingine wa ubao.

Sasa angalia kitu kimoja kwa makini: safu ya sita lazima iwe tupu. Farasi ameshatoka c6, hilo ni sawa. Lakini askari wa d7 abaki pale pale alipo! Ukimsogeza d6 mapema, umeifungia ngome yako mlango. Nilifanya hivyo mara mbili katika wiki moja, kwa mazoea tu ya kumfungulia askofu wa c8 njia. Ngome ikabaki a6 kama mgeni aliyekuta mlango umekomewa, na mimi nikacheza mchezo mzima bila ngome moja. Ngome ipite kwanza, d6 baadaye.

Askari wa a5 naye hana kazi moja tu. Anafungua njia ya ngome, anamzuia Mweupe asimkimbize askofu kwa askari wa b4, na ameacha a7 wazi. Mweupe akileta farasi e4 kumgusa askofu, tunarudi Ba7 na askofu anaendelea kuutazama mfalme kwenye mshazari ule ule. Usikubali askofu huyu abadilishwe bure. Bila yeye, ngome ya h6 ni kelele tu.

Hatua ya tatu: 4.Bf4, mstari wa wajuzi

Mweupe anamtoa askofu kabla hajafungiwa. Ni jibu zito zaidi, na ukikutana nalo ujue mpinzani ama amesoma ama ana akili ya kawaida iliyotulia. Tunajibu 4...Nc6 5.Nf3 Bb4+.

Kwa nini sheki? Hebu hesabu. E5 inalindwa na askofu wa f4 na farasi wa f3. Sisi tuna farasi wawili, na malkia anakuja e7. Tatu dhidi ya mbili, isipokuwa malkia mweupe akija d5 kusawazisha. Sheki inamuuliza Mweupe: utaziba na nini? Akiziba na farasi wa d2, amemfungia malkia wake mwenyewe njia ya kwenda d5. Akiziba na farasi wa c3, njia ya malkia iko wazi, lakini tunaweza kuwaharibu askari wake. Kwa hiyo mstari huu una sura mbili, na lazima uzijue zote.

Sura ya kwanza: 6.Nbd2 Qe7. Sasa Mweupe anapenda sana kumuuliza askofu: 7.a3. Na sisi tunamwacha askofu pale pale, tunakula 7...Ngxe5! Mkono unawawasha wengi hapa. Askofu wa bure! 8.axb4 Nd3#.

Tazama hiyo chekimeti taratibu. Farasi yuko d3, hatua moja mbele ya askari wa e2 ambaye kwa kawaida angemla. Lakini malkia wetu wa e7 anautazama mstari wote wa e hadi kwa mfalme. Askari wa e2 akiondoka, mfalme wake anabaki uchi, kwa hiyo haruhusiwi kusogea. Malkia mweupe amezibwa na farasi wa d2, askofu wa f1 amezibwa na huyo huyo askari wa e2. Mfalme amezungukwa na watu wake mwenyewe na hana pa kwenda. Miendo minane tu. Mara ya kwanza nilipoipata nilisahau kabisa kubonyeza saa.

Lakini usiujenge mchezo wako juu ya mtego huu. Anayejua atakula 8.Nxe5 Nxe5 (chekimeti ya d3 bado ipo akimla askofu) kisha 9.e3. Tunabadilisha 9...Bxd2+ 10.Qxd2 d6. Mweupe ana maaskofu wawili, sisi tuna farasi imara pale e5 na hatuna askari dhaifu hata mmoja. Mpango ni rahisi: O-O, b6, Bb7, na a5 akianza kupanda na askari wa b. Askari wa b6 na d6 kazi yao ni kumzuia asisukume c5 kirahisi, maana huo ndio msukumo unaowafungulia maaskofu wake. Kweli, si mchezo wa moto. Ni mchezo wa kawaida ambao wewe unaujua vizuri kuliko yeye, na katika ngazi yetu hiyo ni faida kubwa.

Sura ya pili ndiyo ngumu: 6.Nc3 Bxc3+ 7.bxc3 Qe7 8.Qd5. Tatu dhidi ya tatu. Askari harudi. Wachezaji wengi wa Budapest huachana na ufunguzi huu hapa, wakidhani umekwisha. Haujakwisha. Samehe deni, chukua kitu kingine:

8...f6! 9.exf6 Nxf6

Farasi anarudi huku akimgusa malkia, na Mweupe anapoteza mwendo mmoja kumhamisha. Sasa hesabu mali ya kila mmoja. Yeye ana askari mmoja zaidi, lakini askari wake wa c3 na c4 wamepangana mmoja nyuma ya mwingine bila jirani wa kuwalinda, na wa a2 yuko peke yake. Sisi tuna mstari wa f ulio wazi kwa ngome, na mwisho wa mstari huo amekaa askofu wake wa f4. Tunacheza d6, O-O, tunamtafutia farasi mraba wa e4, na tukipata nafasi tunamsumbua askari wa c4 kwa Be6 na Na5. Hakimbii popote, na hakuna askari mwenzake wa kumkinga.

Vidmar alikuwa hapo hapo, kwa mpangilio tofauti kidogo: 6...Qe7 7.Qd5 Bxc3+ 8.bxc3 Qa3 9.Rc1 f6. Cheza mchezo huo wote kwenye ubao. Kwenye mwendo wa 16 alimtoa ngome kwa askofu wa f4, mstari ule ule niliousema, na mfalme wa Rubinstein, mmoja wa wachezaji wakubwa wa zama zake, akaanza safari ya kutisha kutoka e1: e2, f3, g3, h4, h5. Alikubali kushindwa kwenye mwendo wa 24. Vidmar akaendelea hadi kushinda mashindano yale, na Rubinstein akakutana tena na Budapest mikononi mwa wengine mumo humo: akafungwa na Mieses, akatoka sare na Schlechter.

Wapo wanaopenda 4...g5, kumfukuza askofu mara moja. Umejaa vurugu, nami sikatai kwamba unafurahisha. Kwa mwanafunzi nauogopa: askari wa g akishaondoka hana njia ya kurudi, na mfalme wako atajua.

Hatua ya nne: 4.e4, anayelipa na kudai riba

Mweupe anaachia askari ili achukue nafasi: 4.e4 Nxe5 5.f4. Alekhine, aliyepata kuwa bingwa wa dunia, aliupenda mstari huu. Farasi wetu ameguswa, na hapa kuna njia panda. Wengi hurudi 5...Ng6, lakini pale g6 farasi anamkaribisha askari wa f aje f5 kumfukuza tena. Alekhine alimwonyesha Rabinovich hilo kule Baden-Baden mwaka 1925, na ukiutazama mchezo ule utamhurumia farasi mweusi.

Mimi narudi 5...Nec6. Anaonekana amerudi nyuma sana, lakini hakuna wa kumsumbua, na askari wa e4 na f4 wameacha mashimo nyuma yao. Akicheza 6.Nf3, nacheza 6...Bc5 na mfalme wake hawezi kujificha upande mfupi, kwa sababu askofu anautazama g1. Kisha d6, O-O na Bg4. Akimtoa askofu kwanza, 6.Be3, basi 6...Bb4+ 7.Nc3 Qh4+ 8.g3 Bxc3+ 9.bxc3 Qe7. Malkia amekwenda h4 kumlazimisha asogeze g3 tu, kisha akarudi kumgusa e4. Ni mchezo wa kumwacha Mweupe ajitanue, halafu kumuuliza kama ana walinzi wa kutosha.

Mabaki

Majibu mengine yanapita haraka. 4.e3 Nxe5 na deni limelipwa bila ugomvi. 4.e6 Bb4+ 5.Nc3 Bxc3+ 6.bxc3 dxe6, na askari wake wameshaharibika. 4.f4 ni uchoyo: 4...Bc5 na f2 na e3 ni maumivu matupu. 4.Qd4 unaonekana mkali, lakini 4...d6 5.exd6 Bxd6, na sasa tishio ni Bb4+, sheki inayomfunulia malkia wetu njia ya kumla malkia wake. Akiwa na tamaa zaidi, 6.Qxg7, tunajibu 6...Be5 na malkia wake yuko taabani: akimla ngome wa h8 analiwa, akikimbilia g5 tunabadilisha malkia, kisha askofu wetu anakula b2 na ngome ya kona haina pa kwenda.

Asipomla askari kabisa, furahi kidogo. 3.d5 Bc5, askofu amepata mraba mzuri bila kulipia chochote. 3.e3 exd4 4.exd4 d5, mchezo sawa na ulio wazi.

Utasikia pia habari za 3...Ne4, njia ya Fajarowicz. Ina mitego ya kupendeza, lakini 4.a3, mwendo mmoja mtulivu, unaondoa sheki ya b4 na pamoja nayo sehemu kubwa ya sumu. Farasi wa e4 hamgusi askari wa e5, kwa hiyo deni linakuwa gumu kudai. Icheze kwenye michezo ya dakika tatu ukitaka kucheka.

Kujifunza kwenyewe

Usisome mistari yote kwa siku moja. Mimi ningeanza na 4.Nf3 peke yake kwa wiki nzima, hadi mpango wa ngome ya a6 uingie mikononi. Wiki ya pili 4.Bf4 kwa sura ya Nbd2, wiki ya tatu sura ya Nc3 pamoja na mchezo wa Vidmar. 4.e4 inaweza kusubiri hadi ukutane nayo na ikuumize mara moja. Utaikumbuka vizuri zaidi.

Weka daftari. Kila mwendo uandikie sentensi moja ya sababu kwa maneno yako. Kwa 4...Bc5 daftari langu linasema: “mlazimishe e3, mfungie askofu.” Kwa 5...Bb4+: “chagua, malkia wako au askari wako.” Usipoweza kuandika sababu, huo mwendo huujui, umeukariri, na siku mpinzani atakapobadilisha kitu kidogo utabaki unatazama saa.

Lichess, tovuti ya chesi, ni bure na inatosha. Ina sehemu ya kuchunguza funguzi ambayo unaweza kuichuja kwa kiwango cha wachezaji, ukaona watu wa ngazi yako wanajibu nini hasa baada ya 3...Ng4. Cheza michezo ya dakika kumi au kumi na tano, si ya dakika moja. Dakika moja haikufundishi kuhesabu e5, inakufundisha kubahatisha.

Baada ya kila mchezo, tafuta kosa lako mwenyewe kwanza, ndipo ufungue injini, yaani programu ya kompyuta inayopima miendo. Na injini ikifunguka, usishtuke: itakuambia tangu mwendo wa pili kwamba Mweupe yuko mbele. Ni kweli. Wakubwa wanajua hivyo, na bado Shakhriyar Mamedyarov ameuleta ufunguzi huu mbele ya wachezaji wa kilele. Injini inampa Mweupe faida kwa sharti kwamba acheze kama injini. Swali la maana kwako ni jingine: mchezo wako ulipoharibika, ulikuwa mwendo wa ngapi, na e5 ilikuwa inasomaje? Kwenye daftari langu michezo mingi niliyopoteza iliharibika baada ya mwendo wa 20, wakati ufunguzi ulishamaliza kazi yake zamani.

Akikukwepa

Huu ndio uvujaji mkubwa. Budapest inahitaji d4 na c4. Dhidi ya 1.e4 unahitaji kitu kingine kabisa. Dhidi ya 2.Bf4 mimi nacheza 2...c5 na mara nyingi malkia anakwenda b6 kumtazama askari wa b2, aliyeachwa na askofu wake. Dhidi ya 2.Nf3 pia ninapendelea 2...c5, na akisukuma 3.d5 naweza kuanzisha ugomvi upande wa pili wa ubao kwa 3...b5.

Hakikisha tu unautazama ubao kabla ya mwendo wa pili. Baada ya kuucheza ufunguzi huu kila jioni kwa miezi miwili, nilikaa mbele ya mpinzani kwenye mashindano madogo. Akacheza d4, nikatoa farasi, naye akatoa wake f3. Mkono wangu ukamsukuma askari hadi e5 kabla macho hayajafika. Akautazama ubao, akanitazama mimi, akamla kwa farasi. Kisha akasubiri kwa adabu, akidhani kuna kitu nimemwandalia.